Noah Iliyoburutwa Kutoka Chinongwe

Nianze na hili, asije mtu akanikatisha katikati: Noah yangu ilitoka nyumbani nzima. Ilitoka asubuhi ya Jumanne, mwezi wa kumi na moja, inaunguruma vizuri, gia zinaingia zenyewe bila kushtuka, na mimi kwa mkono wangu ndiye niliyeifungulia geti. Iliporudi jioni ilikuwa maiti. Anayebisha aje anibishie mimi, Sofia binti Shaban, nesi mstaafu, asiende kunisema kwenye vibanda vya chipsi.

Nimechoma watu sindano wilaya hii miaka thelathini na minne. Mpaka Kilimarondo nimekaa, kule ambako asubuhi kabla hujatoka nje unachungulia kwanza dirishani kama tembo hajabaki shambani. Nilipostaafu, kila mtu akawa na ushauri kuhusu kiinua mgongo changu. Jenga fremu, fuga kuku, kopesha kikundi. Nikasema hapana, mimi nanunua gari, nipakie abiria Nachingwea kwenda Ruangwa na kurudi. Nikachagua Noah ya oto, inayovuta magurudumu yote manne, kwa sababu matope ya huku nayajua. Mume wangu alishafariki, wanangu wawili wako Dar na shida zao, hawana cha kunitumia. Noah ikitembea, mimi nala. Ikilala, nalala nayo. Hesabu yenyewe ilikuwa hiyo, haina kona.

Dereva alikuwa mdogo wangu, Bashiri. Tumbo moja, ziwa moja. Mama alipofariki Bashiri alikuwa na miaka sita na mimi nimeshaanza kazi, basi nikambeba. Nimemsomesha mimi. Alipoingia jando, nguo mpya na ngoma ya kumtoa nimegharamia mimi. Nimemwolea mke, wakaachana, nikamwolea wa pili. Leo ana miaka thelathini na minane na mvi mbili kidevuni, na bado akiumwa jino ananipigia simu mimi kabla ya kwenda hospitali. Nami, mjinga mie, nilikuwa najisikia raha.

Na kuna jambo la kwetu ambalo mtu wa mbali asipolijua hatanielewa. Sisi Wamwera, mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Binti yangu alipoposwa, aliyeulizwa kama anakubali ni Bashiri, siyo mimi niliyemzaa. Kwa hiyo mikorosho aliyotuachia mama kule Matambarale, fungu langu ni langu, lakini anayelisimamia ni yeye. Anapalilia, anapulizia salfa, anaokota, anapeleka chama cha ushirika, mnada ukipita ananiletea hela. Huwezi kumwambia mjomba wa wanao "nionyeshe stakabadhi ya ghala." Hayo ni matusi. Unapokea, unasema asante. Mwaka huu aliniletea habari tupu. Alisema ugonjwa wa ubwiriunga umemaliza maua, salfa ilichelewa, mikorosho imesimama pale kama kuni. Alisema huku macho yamemlenga machozi. Nikampa pole, nikamchinjia na kuku.

Haya, turudi kwenye Jumanne. Aliniaga kuwa amepata abiria wa kukodi, watu wa msibani, anawapeleka Chinongwe. Saa sita mchana simu ikalia.

"Sista, Noah imechemka. Bomba la maji limepasuka. Haiendi."

"Abiria je?"

"Wamepata usafiri mwingine. Usijali, sista, we tafuta brekdauni tu."

Nikapiga kwa Abdulkarimu. Huyu ana kampuni yake ya kuokoa magari hapa mjini, ameiita Pole ya Njiani, na ana lori moja lenye jukwaa la chuma nyuma ambalo gari linapandishwa juu kwa winchi. Nilimwambia maneno haya haya: gari ni la oto, magurudumu yote manne yanavuta, kwa hiyo lisiburutwe hata hatua moja, lipandishwe juu.

"Mama, hiyo ndiyo kazi yetu," akasema. "Gari lako litakuja limekaa juu kama bibi harusi."

Bibi harusi! Wallahi natamani ningemrekodi.

Jioni nikalikuta gari kwa fundi Kornel, Bashiri akaniambia limekuja juu ya lori. Kornel ni mtu wa misa ya kwanza, hana porojo, hata bei yake hapandishi ukija umevaa vizuri. Asubuhi yake akabadilisha lile bomba la maji, kazi ndogo, akawasha injini, ikalia vizuri. Akaweka gia ya kwenda mbele. Gari likasimama. Akaweka ya nyuma, likasimama. Akazima, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili ya gia, akaninyooshea.

"Nusa, Nesi."

Ilikuwa nyeusi, inanuka kama mboga iliyosahauliwa jikoni.

"Hili gari limeburutwa," akasema. "Injini imezimwa, magurudumu yanazunguka chini. Giaboksi ya aina hii injini ikizima, oili haizunguki. Inajisaga kavu mpaka inaungua. Kutoka Chinongwe mpaka hapa, unategemea nini?" Akanionyesha na ndoano ya kuvutia iliyo mbele chini ya bampa. Ilikuwa imepinda, na bampa lina makovu ya mnyororo mapya kabisa, rangi imebanduka.

"Inatengenezeka?"

"Hiyo ni ya kutupa. Tafuta giaboksi nyingine."

Giaboksi nyingine! Kama kwamba ni kitunguu. Nikakaa kwenye tairi lililokuwa pale. Halafu hasira ikanisimamisha. Nikamfuata Bashiri nyumbani kwake, nikamkuta anakunywa chai.

"Uliniambia gari lilipandishwa juu ya lori."

Akaangalia kikombe. Akakohoa. Akasema, "Sista, nilikuwa sitaki kukupa presha. Waliliburuta. Dereva wao alisema winchi mbovu. Nikasaini karatasi yao kwa sababu alikuwa na haraka."

"Karatasi gani?"

"Ya makabidhiano."

"Utayasema haya mbele ya Abdulkarimu?"

"Mbele ya Abdulkarimu, mbele ya yeyote. We si dada yangu? Hilo gari si ndilo linalotulisha wote?"

Nikamkumbatia. Nilisema moyoni, angalau nina mtu.

Abdulkarimu alinipokea kwa soda. Nikaisukuma pembeni. Nilipomaliza kueleza, akafungua faili, akatoa karatasi yenye muhuri: gari limepandishwa jukwaani, limefikishwa salama, hakuna malalamiko. Chini yake saini ya Bashiri, ile herufi ya kwanza yenye mkia mrefu niliyomfundisha mwenyewe kuiandika.

"Karatasi inasema hivi, mama. Wewe una nini?"

"Nina oili iliyoungua, nina ndoano iliyopinda, na nina mtu aliyekuwepo."

"Mtu huyo ndiye huyu aliyesaini?" akauliza, na akatabasamu. Sikulielewa lile tabasamu siku ile. Nilidhani ni jeuri ya wafanyabiashara tu.

"Ndiye. Na atasema."

"Basi mlete, mama. Akisema gari liliburutwa, mimi nalipa giaboksi. Mbele ya serikali nalipa."

Nikaenda kwa mtendaji wa kata, Rahel, binti ambaye nilimchanja mwenyewe akiwa kichanga, analia kama king'ora. Siku hizi ananiamkia shikamoo kutoka nyuma ya meza yenye bendera. Akaandika malalamiko yangu, akapanga siku ya kutusikiliza pande zote, Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Mtu mwingine angekaa asubiri Alhamisi. Mimi sina kifua hicho. Nilijiambia, shahidi mmoja, tena ndugu yangu, watasema amepangwa. Ngoja nikatafute wa pili. Jumatatu nikapanda bodaboda mpaka Chinongwe, mgongo wangu unajua wenyewe. Nikauliza nikiwa barabarani ni wapi Noah nyeupe iliharibika wiki iliyopita, nikaelekezwa kwa mama mmoja anayekaanga mihogo chini ya kibanda cha makuti. Jina lake Mwamina. Mwanamke wa makamo, mikono minene, anageuza mihogo huku anakuangalia usoni.

"Noah? Iliharibikia hapa hapa," akasema. "Moshi mweupe mpaka wateja wangu wakakimbia."

"Ulikuwepo brekdauni ilipokuja?"

"Nilikuwepo mpaka ilipoondoka. Waliifunga mnyororo mbele wakaondoka nayo inaserereka."

Nikashukuru Mungu kwa sauti. "Kwa nini hawakuipandisha juu? Walisema winchi mbovu?"

Akacheka. "Winchi wapi! Juu wangeiweka wapi, dada? Jukwaa lilikuwa limejaa magunia."

"Magunia gani?"

"Ya korosho. Yale yaliyokuwa ndani ya hiyo Noah. Si ndiyo maana ilichemka? Viti vimelazwa, magunia mpaka kwenye paa, mlima wote ule."

Nikamwambia hapana, labda anachanganya na gari lingine. Noah yangu ilibeba abiria wa msibani.

"Abiria?" Akaacha kugeuza mihogo. "Abiria gani? Alikuwa yule kijana peke yake. Akayashusha magunia, akayapanga kwenye lori na dereva, wakayafunika turubai. Hata mimi nilimsaidia kushika mdomo wa gunia moja lililopasuka. Nilimwonea huruma. Alisema ni korosho za dada yake, za Matambarale. Dada yake mgonjwa sana, hajiwezi, hawawezi kungoja mnada, kwa hiyo mwenye lori amezinunua kwa kangomba dada apate hela ya kutibiwa."

Kangomba kwetu kila mtu anaijua. Ni kuuza korosho kwa siri, mnunuzi anakuja nyumbani na bakuli lake la kupimia kabla ya mnada, anachukua kwa bei anayotaka yeye. Serikali imeikataza na watu wanafungwa kwa ajili yake. Lakini siyo hiyo iliyonichoma.

Mwamina aliniangalia vizuri. "Samahani, dada. Na wewe ni nani yake?"

"Mimi ndiye dada mgonjwa," nikasema.

Akashika mdomo. Halafu, masikini, kwa adabu tu, akasema, "Alhamdulillahi. Basi umepona."

Nilicheka. Nilicheka mpaka machozi, wateja wakageuka, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Ubwiriunga umemaliza maua! Mikorosho imesimama kama kuni! Na mimi kuku wangu, mtetea anayetaga, nimemchinja kumfariji mwizi wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilishawaambia wagonjwa wangu msemo huo mara mia, na sikuwahi kujipekua mwenyewe. Mwamina akanipa maji, akaniandikia namba yake ya simu, akasema nikimhitaji kusema alichoona atasema, hana deni na mtu.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa namtafutia Bashiri sababu. Ndivyo ilivyo ukishamlea mtu, hata akikuchoma kisu unaangalia kama hakujikata. Labda ana madeni. Labda huyo Abdulkarimu amemtisha. Labda Alhamisi ataeleza yote mwenyewe, alie, niyasamehe hayo magunia na yaishe. Nilitaka hivyo kweli. Korosho zikiisha mwakani zipo nyingine. Nilimpigia Jumatano mchana, sikumwambia nimetoka wapi.

"Kesho unakumbuka?"

"Nakumbuka, sista. Nitasema kila kitu. Lala usingizi."

Alhamisi tukawa watano ndani ya ofisi ya Rahel: yeye mwenyewe, mimi, Kornel na ile oili yake kwenye chupa ya soda, Abdulkarimu na faili, na Bashiri amevaa shati jipya ambalo sijawahi kuliona. Kornel akaeleza ya kwake, akainusisha meza nzima. Abdulkarimu akatoa karatasi. Rahel akamgeukia Bashiri.

"Kaka Bashiri, wewe ndiye uliyekuwa na gari. Lilipandishwa au liliburutwa?"

Bashiri akasimama. Hakunitazama.

"Lilipandishwa," akasema. "Lilikaa jukwaani vizuri, mimi nilikaa mbele na dereva. Na kusema ukweli, mheshimiwa, ile giaboksi ilikuwa inateleza tangu mwezi wa tisa. Nilimwambia dada mara nyingi. Akawa anasema ngoja kwanza, ngoja kwanza. Unajua wazee na matengenezo."

Akakaa. Na alikaa kwa utulivu! Hiyo ndiyo inayoniuma mpaka leo. Mtu anayeogopa anatetemeka, anafuta jasho, anakosea maneno. Yeye alikaa akaweka mguu juu ya mguu, akaangalia saa.

Nikafungua mdomo, na kabla sijasema Abdulkarimu akanyanyuka. "Mheshimiwa, naomba nizungumze na mama nje, dakika mbili. Sisi ni watu wazima, haya ni ya kuelewana." Rahel akanitazama mimi. Nikatoka naye, nilitaka nisikie.

Barazani akashusha sauti, akaniita mama yangu. "Nimeambiwa ulifika kwa yule mama wa mihogo. Sasa, mama yangu, mimi sina ugomvi na wewe. Giaboksi nitaileta kutoka Dar, nzuri kabisa, wiki ijayo fundi wako anaifunga na gari linarudi barabarani. Naiita msaada, maana wewe ni mzazi wetu. Lakini ya Chinongwe yabaki Chinongwe. Ukiyaleta hapa, mimi naweza kuumia, sikatai, lakini anayeingia ndani wa kwanza ni damu yako."

"Na wewe umejuaje kuwa nitanyamaza?"

Akashangaa kidogo, kama nimeuliza kitu kinachojulikana. "Bashiri alituhakikishia siku ile ile. Nilimwuliza kwenye simu tulipopatana bei ya magunia, je dada yako akijua? Akasema, dada yangu? Hata akijua atanyamaza. Ataninunia siku tatu, ya nne atanipikia."

Sikilizeni, mimi si malaika. Niliitaka hiyo giaboksi. Niliiona imeshafungwa, naona abiria wangu wa Ruangwa wanapanda, naona mwisho wa mwezi ninanunua unga bila kuhesabu vidole. Pale barazani nilikuwa nimeshafika nusu ya kusema ndiyo. Kitu kilichonizuia ni hiyo siku ya nne. Walikuwa wamenikalia kikao, mimi na huruma yangu, wakaiweka kwenye mipango yao kama mtu anavyohesabia mvua ya masika.

Nikarudi ndani, Abdulkarimu nyuma yangu. Nikavuta kiti, nikakaa mbele ya Bashiri, magoti kwa magoti, kama nilivyokuwa nikikaa nikimkata kucha.

"Bashiri. Nakuomba jambo moja. Sitakuuliza la Matambarale, hilo nimelifuta, Mungu shahidi. Sema tu kwamba gari liliburutwa. Sema hilo moja kwa mdomo wako, mimi nimekulea, sitataka lingine kwako."

Akapepesa kope. Amejua kuwa najua. Na mimi nikangoja, na nafikiri kila mtu mle ndani alingoja, hata Kornel aliyekuwa hajui tunazungumzia nini. Nilikuwa tayari. Angesema neno moja tu, ningemaliza yote, ningeichukua hiyo giaboksi ya msaada, tungerudi nyumbani wote wawili.

Bashiri akageuza shingo akamwangalia Abdulkarimu. Alikuwa anaomba ruhusa. Amwombe ruhusa mtu mwingine kuniambia mimi ukweli, mimi niliyemtafunia chakula akiwa na surua! Abdulkarimu akatikisa kichwa, kidogo tu, hapana.

"Lilipandishwa, sista," akasema Bashiri. "Usijipe presha."

Nikasimama. "Rahel, mwanangu, una kalamu?"

"Ninayo, mama."

"Andika. Gari liliburutwa kwa mnyororo kutoka Chinongwe, kwa sababu jukwaa la lori lilikuwa limejaa magunia ya korosho ya kangomba. Aliyeyanunua ni huyu Abdulkarimu. Aliyeyapakia ni huyu Bashiri. Na yaliibwa kwenye shamba la mama yetu Matambarale, fungu langu mimi, ambalo niliambiwa halikuzaa. Shahidi anaitwa Mwamina, anakaanga mihogo Chinongwe, namba yake hii hapa. Mpigie sasa hivi, na uweke sauti ya juu."

"Dada!" akasema Bashiri. Hilo neno alilisema kwa mshangao, siyo kwa hofu. Kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo siku zote ipo, leo akaikosa.

Rahel aliniuliza mara mbili kama nina hakika, maana akishaandika jambo la kangomba hawezi kulifuta, lazima alipeleke polisi. Nikamwambia andika kabla sijapoa. Akaandika. Akapiga simu, na Mwamina akasema yote, mpaka la gunia lililopasuka, mpaka la dada mgonjwa. Nikasaini. Mkono ulinyooka, miaka thelathini na minne ya sindano si mchezo.

Jioni hiyo polisi wakawachukua wote wawili na dereva wa lori. Lori likazuiliwa kama ushahidi. Abdulkarimu akatoka kwa dhamana siku ya pili, akanitumia ujumbe kuwa giaboksi sasa nikaidai mahakamani, na kwamba kesi za namna hiyo huchukua miaka, ananitakia afya njema. Bashiri hakupata mtu wa kumdhamini. Mtu wake wa kumdhamini siku zote alikuwa mimi.

Ndugu wakanijia. Mama mdogo Hafidha alikuja kwa miguu na fimbo yake, akakaa mkekani, akalia. "Mchuma janga hula na wa kwao, Sofia," akaniambia. "Utamwachaje ale peke yake?"

"Mama mdogo," nikamjibu, "mimi nimeshakula. Nimekula la kwangu na la kwake. Nenda kwa Kornel uliangalie, limefunikwa turubai."

Akaniambia nina roho ya jiwe. Wengine walisema nimeuza damu yangu kwa ajili ya chuma. Kuna shangazi mmoja alisema hata mama kaburini amegeuka.

Siku ya nne asubuhi simu ikalia, namba ngeni. Askari mmoja alikuwa amemwazima Bashiri simu.

"Sista," akasema, sauti ile ile ya jino linalouma. "Chakula cha huku hakiliki. Niletee wali na samaki mkavu wa nazi. Na shuka."

Akakata. Hakuuliza kama nitakuja. Nikakaa na simu mkononi, natukana kila tusi ninalolijua kwa Kiswahili, nikahamia Kimwera. Kisha nikaenda kukuna nazi. Msiniulize kwa nini, hata mimi sijiulizi. Hela niliyokuwa nayo ilitosha samaki, haikutosha samaki na bodaboda, kwa hiyo nikaweka bakuli kichwani na shuka kwapani, nikakata mji mzima kwa miguu kwenye jua la saa sita, goti hili la kushoto linapiga kelele kila hatua. Nilipita mbele ya gereji ya Kornel sikugeuza uso.

Kituoni wakakagua chakula, wakatuacha tukae kwenye benchi, askari amesimama pembeni. Bashiri alikuwa amekonda kidogo. Akafunua bakuli, akagusa wali kwa kidole, akakunja uso.

"Mbona umechelewa hivi, sista? Umeshapoa."

"Nimekuja kwa miguu," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula.